Kiti cha Jirani

Thadeo Bigirwa aliingia ofisini kwa mkurugenzi wake bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe, akasimama mbele ya meza kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba.

"Msuko umemaliza, Mama," alisema. "Asilimia ishirini na tisa."

Adventina Kokugonza alikuwa anakula chakula chake cha mchana, ugali na migebuka iliyoungwa kwa mawese, wala hakuacha kuchambua miiba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti isiyopanda wala kushuka. Mawaziri watatu walikuwa wamepita juu yake na kuondoka, na kila mmoja aliondoka akiwa amejifunza kumwogopa kidogo.

"Ishirini na tisa ni chini ya theluthi," alisema.

"Ndiyo."

"Basi kaa, unawe, ule."

"Siwezi kula. Unajua nyumbani kwetu ni wapi."

Alijua. Kwao Thadeo kulikuwa Kabingo, mji ulioketi juu ya kingo za Mto Kavuye, daraja moja tu kutoka nchi ya Masaro. Mama yake alikuwa anaishi pale, pamoja na dada yake na watoto wa dada yake, katika nyumba ambayo ukifungua dirisha la sebuleni unawaona walinzi wa Masaro wakinywa chai. Kama vita ingeanza, ingeanzia dirishani kwao.

Kokugonza alinawa mikono, akafunika sahani, akaongozana na kijana wake hadi kwenye ukumbi wa chini.

Huko ndiko Msuko ulikokuwa. Wageni waliokuja kuutazama walitarajia kuona mtambo mkubwa unaonguruma, wakakuta chumba cheupe chenye ubaridi, kuta zake zikiwa skrini tupu kutoka sakafuni hadi darini. Magazeti yaliuita Mtabiri, na Kokugonza alikuwa amechoka kuyasahihisha. Msuko haukutabiri kitu. Ulikusanya habari za nchi mbili, hotuba za viongozi, bei za unga, picha za setilaiti, ratiba za shule, safari za malori, kisha ukatafuta mambo mawili ambayo yangeamua mengi lakini hakuna aliyeyajua. Kutokana na hayo mawili ulisuka njia nne ambazo mambo yangeweza kwenda. Hizo ziliitwa mikondo. Ndani ya kila mkondo viliishi vivuli, yaani mifano ya marais, majenerali na washauri wao, iliyosemeshwa na kukasirishwa mara maelfu, hadi Msuko uweze kusema ni mara ngapi kati ya mia mambo yaliharibika.

Lwembe, nchi yao, ilikuwa na Msuko wake, na Masaro ilikuwa na wake. Hilo lilikuwa sharti la Mkataba wa Ujirani, uliotiwa saini baada ya vita ya mwisho, nchi zote mbili zilipokuwa zimechoka kuzika. Mkataba ulisema hivi: kitengo cha Msuko cha nchi yoyote kikiona mkondo wa vita umevuka theluthi, kiukabidhi kwa kitengo cha nchi ya pili papo hapo, ili wote wawili walione shimo kabla ya kutumbukia. Usipovuka theluthi, mkondo huo ni siri ya dola, na kuutoa ni uhaini.

"Fungua wa tatu," Kokugonza alisema.

Skrini zikajaa milima. Juu ya safu yote ya upande wa Masaro ilisimama minara ya mvua, myembamba kama sindano, ile iliyochaji hewa na kuyavuta mawingu yakamwage maji kwenye mabwawa yao. Tangu ijengwe, tambarare za Lwembe zilikuwa hazijapata msimu mmoja wa mahindi wa kueleweka. Mazungumzo kuhusu minara yalikuwa yanakaribia, na Waziri wa Ulinzi wa Lwembe, Mheshimiwa Balthazari Nkinga, alikuwa na mpango. Kabla ya mazungumzo, jeshi lingefanya zoezi kwenye kilima cha Kabingo. Zoezi tu. Masaro waone, wanywee, waje mezani wakiwa wapole.

Msuko ulikubaliana naye. Mara nyingi kivuli cha Rais wa Masaro kililalamika, kikatoa taarifa kali kwa vyombo vya habari, kikatulia.

"Hatatulia," alisema Thadeo. "Angalia hapa."

Alimwonyesha kitu kidogo kilichokuwa kimewekwa pembeni ya takwimu, kwenye rundo la mambo ambayo Msuko uliyahesabu kuwa hayana maana. Wilaya tatu za mpakani za Masaro zilikuwa zimeuwahisha mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hospitali moja ya huko huko ilikuwa imehamishia bara wodi ya watoto njiti, kwa maelezo kwamba paa linavuja.

"Paa," alisema Kokugonza.

"Nimeangalia picha. Paa ni jipya." Thadeo alisogea karibu na skrini. "Hawa watu wanajiandaa kupigwa, Mama. Msuko umeipa ishara hii uzito mdogo. Nikiigeuza tu kutoka ndogo kuwa kubwa, ingizo moja, tunapanda hadi thelathini na sita. Tunavuka theluthi, tunawapelekea Masaro mkondo, kila mtu anashtuka, zoezi linasimama. Nani atajua?"

Thadeo hakuwa mjinga, wala hakuwa mwongo. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kupindisha hata nukta. Na alilokuwa anapendekeza lilikuwa dogo mno, jepesi kama kusogeza kikombe mezani. Mkono wa Kokugonza mwenyewe ulikwenda hadi kwenye kibao cha maingizo, ukatulia pale, na kwa kitambo aliwaza kwamba nchi nzima ingelala salama kwa sababu ya kidole chake kimoja.

Aliuondoa.

"Una ushahidi kwamba ishara hii ni kubwa?"

"Nina akili yangu. Nina macho."

"Mimi pia nayaona unayoyaona. Lakini tukibadilisha kwa sababu tunaogopa, tumewapikia hesabu. Leo tunapika kwa ajili ya amani. Kesho atakaa mwingine hapa, atapika kwa ajili ya kitu kingine, na siku tutakayowapelekea Masaro mkondo wa kweli watauliza kwanza nani kautia chumvi. Kitu pekee kinachozizuia nchi hizi mbili zisipigane ni kwamba kila upande unaiamini hesabu ya mwenzake."

"Na mama yangu?"

Kokugonza alimtazama usoni. Hakutaka kumdanganya hata katika hilo.

"Mama yako yuko hatarini," alisema. "Ndiyo maana hatutakaa hivi hivi. Wasiwasi wako uko wapi hasa? Si kwenye mtihani wa shule. Uko kwa kivuli cha Rais wao. Tumekijenga kwa hotuba zake, na hotuba ni za mtu aliyevaa tai. Hatujui anawaza nini akikaa peke yake na kuuona mpaka wake umejaa askari."

"Hatuwezi kujua."

"Kanuni zetu zinaturuhusu kumkalisha mtu halisi mahali pa kivuli."

Thadeo alielewa. "Kiti cha jirani. Nani akubali kukaa?"

"Mwenye mpango," alisema Kokugonza. "Atakubali mwenyewe. Anajiamini sana."

*

Mheshimiwa Nkinga alikuja akitabasamu, na walinzi wake wawili akawaacha nje. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwanajeshi wa zamani aliyependwa na askari kwa sababu alikumbuka majina ya wake zao. Alipeana mikono na mafundi wote chumbani, kisha akakitazama kiti chenyewe, kiti cha kawaida cha ngozi kilichounganishwa na kofia nyepesi ya nyaya, kama mtu aliyealikwa kupanda bembea.

"Mama Kokugonza, kumbe unataka niwe Rais wa Masaro," alisema. "Mke wangu atafurahi. Amekuwa akinishauri nigombee kitu kikubwa."

"Ni kwa saa chache tu, Mheshimiwa."

"Na sheria zake?"

"Ni moja. Utaona yale tu ambayo yeye anaweza kuyaona. Setilaiti zake, majasusi wake, magazeti yake. Unayoyajua wewe kama Waziri wa Lwembe yabaki kichwani mwako. Huruhusiwi kuyatumia."

"Na mwisho wake unathibitisha nini?"

"Uamuzi wako unachukua nafasi ya ule wa kivuli. Kama mpango wako ni salama, utatulia, na kipimo kitashuka chini zaidi. Utakwenda kwa Rais wetu na karatasi safi."

Nkinga alicheka, akajivika kofia mwenyewe.

Ukumbi ukageuka kuwa ofisi ya ikulu ya Masaro. Vivuli viliketi pande zote: jenerali mmoja mwembamba, waziri wa maji, na mshauri mkuu, yule aliyeongoza kitengo cha Msuko cha Masaro, ambaye alichorwa kama mwanamume mrefu asiyecheka. Kokugonza na Thadeo walisimama nyuma ya kioo.

Mwanzoni Nkinga alistarehe. Jenerali alipomwonyesha picha za vifaru vya Lwembe vikipanda kilima cha Kabingo, alipunga mkono.

"Zoezi hilo," alisema.

"Wamesema ni zoezi, Mheshimiwa Rais," alijibu jenerali. "Lakini tazama malori ya mafuta. Mafuta haya yanatosha kufika hapa tulipo na kurudi. Hakuna zoezi linalobeba mafuta namna hii."

Nyuma ya kioo Kokugonza aliona shingo ya waziri ikikakamaa. Nkinga aliyajua mafuta yale. Mwaka wa fedha ulikuwa unakwisha, na fungu lisilotumika lingerudi hazina, kwa hiyo alikuwa amenunua yote kwa mkupuo na kuyatuma popote palipokuwa na nafasi. Basi. Lakini Rais wa Masaro angelijuaje hilo?

"Endelea," alisema Nkinga, safari hii bila tabasamu.

Waziri wa maji alieleza kuhusu minara. Nkinga alikuwa amezungumza juu ya minara ile kwa miaka, majukwaani na bungeni, kama mikono ya mwizi. Sasa alionyeshwa kilichokuwa chini yake. Bwawa moja. Mji mmoja mkubwa, hauna mto wala kisima cha kutegemewa, watu wanakinga maji kwa zamu.

"Minara ikianguka, mji una akiba ya muda gani?" aliuliza.

"Wiki, Mheshimiwa Rais. Baada ya hapo tuwahamishe."

"Tuwahamishie wapi?"

Waziri wa maji alitazama ramani.

"Na kutoka pale Kabingo," Nkinga alimgeukia jenerali, "mizinga yao inaifikia minara?"

"Yote. Kilima kile ndicho mahali pekee panapoifikia yote."

Nkinga mwenyewe ndiye aliyekichagua kilima. Alikichagua kwa sababu kulikuwa na barabara nzuri ya lami na uwanja wa kupigia mahema.

"Nipigieni simu Lwembe," alisema. "Nataka kuzungumza na Waziri wao wa Ulinzi."

Thadeo alimgeukia Kokugonza kwa mshangao, naye akaweka kidole mdomoni.

Msuko ulikuwa na kivuli cha Nkinga, kama ulivyokuwa na cha kila mtu mkubwa. Simu iliita, ikapokewa, na ukumbini ikasikika sauti ya Balthazari Nkinga mwenyewe, nene, yenye utani kidogo ndani yake.

"Mheshimiwa Rais, karibu sana. Nikusaidie nini?"

"Nataka kujua nia ya jeshi lenu pale Kabingo."

"Lwembe haihitaji kibali cha mtu yeyote kufanya mazoezi kwenye ardhi yake."

Yalikuwa maneno aliyowaambia waandishi wa habari juzi tu, na walimpigia makofi.

"Sikuombi uombe kibali," alisema Nkinga aliyekuwa kitini, na sauti yake ilianza kukwaruza. "Nauliza yale mafuta ni ya nini."

"Hayo ni mambo ya ndani, Mheshimiwa. Nawe ungefanya vizuri kunieleza minara yako ni ya nini."

"Mwanangu, nina watu milioni mbili chini ya minara hiyo!"

"Na mimi nina wakulima," ilijibu sauti, bado ikitabasamu. "Tutaonana mezani."

Simu ikakatika. Nkinga aliikodolea macho. Mishipa ya kichwa ilikuwa imemsimama.

"Huyu mtu ana dharau," alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani. Kisha akamgeukia jenerali. "Wakivuka daraja, tunaweza kuwazuia?"

"Hapana. Ila daraja lisipokuwepo, tutapata muda wa kuleta vikosi. Lazima livunjwe kabla hawajaanza. Wakishaanza, tumechelewa."

Nkinga alivishika viganja vyake pamoja. Mtu yeyote ukumbini angeweza kuona jinsi alivyopigana na nafsi yake, jinsi alivyotafuta njia nyingine na kuikosa, kwa sababu kila njia nyingine ilihitaji amwamini yule mtu aliyekuwa kwenye simu.

"Livunjeni," alisema.

Skrini ziliwaka nyeupe. Daraja la Kavuye likakatika katikati kama kijiti. Mizinga ya Lwembe ikajibu kutoka kilimani, ya Masaro ikajibu ile, na nyumba za Kabingo zikaanza kuangukiana.

Thadeo aligeuza uso ukutani.

*

Nkinga alivua kofia mwenyewe. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Aliomba maji, akanywa glasi mbili.

"Ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Hamsini na nane, Mheshimiwa," alijibu Kokugonza.

"Ulinitega."

"Nilikukalisha. Daraja umelivunja wewe."

Aliangua kicheko kifupi kisicho na furaha. Kisha akasimama, akawa tena waziri, mrefu kuliko wote chumbani.

"Sawa. Nimeelewa. Mafuta nitayaondoa, kilima nitakibadilisha. Lakini hiki kitu kinabaki humu ndani. Futa."

"Kimevuka theluthi. Mkataba unasema kiende Masaro papo hapo."

"Mkataba! Mama, fikiri. Ndani ya mkondo huu kuna vikosi vyangu, kuna mafuta yangu, kuna kilima ambacho jenerali wao pengine hajakifikiria kabisa. Ukiwapelekea, unawafundisha namna ya kutupiga. Wakisoma kwamba hata mimi, nikiwa mahali pao, nililivunja daraja, kitu gani kitawazuia?"

Hilo lilikuwa swali lenyewe, na Kokugonza alikuwa ameshajiuliza kabla yake. Ukimwonyesha mtu mwenye hofu picha ya hofu yake, anaweza kushika bunduki. Msuko haukuwa na jibu, kwa sababu Msuko haukuwahi kujisuka wenyewe ndani yake. Hapo hesabu ilikuwa imefika mwisho, akabaki mtu.

"Labda hakuna," alisema. "Labda watatupiga. Siwezi kukuahidi. Lakini wasipojua, watajenga hofu yao kwa hotuba zako, na umeona zinavyosikika ukiwa upande wa pili."

"Nipe hadi jioni nizungumze na Rais."

"Rais atanikataza. Akinikataza nitakuwa nimevunja amri yake au nimevunja sheria. Sasa hivi sijavunja chochote."

"Nitakuita mhaini mbele ya bunge zima."

"Ulikuwemo bungeni Mkataba ulipopita, Mheshimiwa. Uliupigia kura ya ndiyo. Nilikuwa kwenye jukwaa la wageni, nilikuona."

Walinzi wa Nkinga walikuwa nje ya mlango, na sauti moja tu ingetosha kuwaingiza. Kokugonza alingoja aitoe. Alingoja kwa makusudi, kwa sababu alitaka kuwa na hakika kwamba mtu yule naye amechagua. Waziri aliitazama skrini, pale ambapo daraja lilikuwa bado limening'inia vipande viwili, na hakumwita mtu.

Kokugonza alimgeukia Thadeo. Kijana alikuwa ameshatayarisha njia ya kutuma, ameketi mbele ya kibao.

"Sogea," alimwambia kwa upole. "Hili si lako. Likiharibika, usije ukabeba kwamba ulituma wewe."

Akatuma.

*

Walimweka Kokugonza nyumbani kwake chini ya ulinzi. Askari waliomlinda walikuwa vijana wenye adabu, walimwamkia shikamoo kila asubuhi na kumwomba radhi kwa kukaa barazani. Redio ilikuwa inamtukana. Mbunge mmoja alitaka anyongwe, mwingine akataka apewe nishani, na wote wawili walikuwa hawajausoma mkondo wenyewe.

Masaro walikuwa kimya. Hilo ndilo lililomtesa. Angestahimili matusi mwaka mzima, ila kila mlango ulipogongwa moyo ulimruka, akidhani ni Thadeo amekuja kumwambia habari za Kabingo. Alipika, alifua, alipanga upya vyombo vilivyokuwa tayari vimepangwa. Hakujuta. Alijipima mara kadhaa kama mtu anavyobonyeza jino linalouma, akakuta woga mwingi, majuto hakuna.

Aliyekuja hatimaye hakuwa Thadeo. Alikuwa Nkinga, peke yake, bila gari la bendera. Askari walipiga saluti, akawapungia wakae.

"Wamejibu," alisema, hata kabla hajakaribishwa. "Wametuma mkondo wao."

"Wao pia wamevuka?"

"Wamevuka zamani. Sitini na mbili, tangu tulipotangaza zoezi. Ikulu yao ilikilazimisha kitengo kikate hesabu hadi ishuke chini ya theluthi, na kikakata. Mkuu wa kitengo ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alikubali, na kwamba alipoona mkondo wetu umefika bila kupunguzwa hata kidogo, alishindwa kuukalia wa kwake. Aliwawekea wakubwa wake yote miwili mezani."

Kokugonza aliketi. Kumbe upande wa pili wa mpaka mtu mwingine alikuwa ameweka mkono juu ya kibao kile kile, na yeye hakuuondoa.

"Kuna jambo jingine," alisema Nkinga. Alikuwa anazungusha kofia yake mikononi. "Daraja lilikuwa limeshategwa. Mabomu yalikuwa chini ya nguzo, yamefungwa tayari. Wametuonyesha picha wakati wanayafungua. Wahandisi wangu wameshuka kuhakikisha, wamekuta mashimo ya misumari bado mapya. Vikosi vyangu vingepanda kile kilima na kuwasha majiko tu, wangelilipua."

"Umewaondoa askari Kabingo?"

"Wote. Na mafuta." Aliiweka kofia gotini. "Kamati ya bunge itakuhoji. Wataniuliza maoni yangu. Nimekuja kukwambia nitakachosema, usije ukakisikia kwa watu. Nitasema ulifanya kosa kutonipa hadi jioni. Na nitasema kwamba ungenipa, ningekuzuia."

Alisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Kamati ilimweka Kokugonza kitako kutwa nzima. Mwenyekiti wake, mwanasheria mzee mwenye miwani mizito, alilirudia swali moja kwa namna nyingi.

"Ulijuaje kwamba Masaro wasingetushambulia baada ya kuusoma?"

"Sikujua, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Uliichezea nchi kamari?"

"Nchi ilikuwa imeshachezewa kamari. Mimi nilichofanya ni kuwaonyesha wachezaji wote wawili meza."

Walimwondoa kwenye ukurugenzi kwa tofauti ya kura moja, na nafasi wakampa Thadeo, aliyetaka kuikataa hadi Kokugonza alipomgombeza. Kisha, kwa pendekezo la Waziri wa Ulinzi, wakamtia Kokugonza kwenye ujumbe wa mazungumzo ya minara.

*

Walikutana katika shule ya msingi ya upande wa Masaro, hatua chache kutoka darajani. Wanafunzi walikuwa wameshamaliza mtihani wao ulioharakishwa, madarasa yalikuwa matupu, na ubaoni kulikuwa bado na maswali ya sehemu na desimali ambayo hakuna aliyeyafuta. Wajumbe wakubwa waliingia ukumbini kupiga picha. Kokugonza alionyeshwa darasa la tano, akaambiwa mwenzake anamsubiri huko.

Alitarajia yule mwanamume mrefu asiyecheka. Akamkuta mama mnene wa umri wake, kanga mabegani, ameketi kwenye dawati la watoto huku magoti yamekwama, anajitahidi kuinuka.

"Usisimame, dada, utalivunja," alisema Kokugonza.

"Wewe ndiye Adventina?"

"Ndiye mimi. Nawe ndiye Profesa Spesioza Ndayizeye? Katika Msuko wetu wewe ni mwanamume."

"Yesu wangu. Katika wetu wewe unavuta sigara na una mbwa."

Walicheka hadi Spesioza akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na alipomaliza kuyafuta mengine yalikuja, naye hakuyaficha.

"Nilikata hesabu," alisema. "Nataka nikwambie mwenyewe. Waliniambia nikate, nikakata, nikaenda nyumbani nikala."

"Sisi tulikaribia kuiongeza," alisema Kokugonza. "Mkono wangu ulifika."

"Lakini uliurudisha."

"Nilikuwa na mtu pembeni yangu. Ningekuwa peke yangu, sijui."

Alijibana kwenye dawati la pili. Dirishani lilionekana daraja, na watu wa Kabingo wakivuka na ndoo, mikungu ya ndizi na baiskeli kama ilivyokuwa kawaida yao. Juu yao minara ya mvua ilinguruma kwa mbali. Kutoka ukumbini sauti ya Nkinga ilisikika ikisalimia watu kwa majina.

"Wakubwa wanataka mikondo minne ya pamoja," alisema Spesioza. "Ya kwanza kusukwa na vitengo viwili. Mimi nimekuja na mmoja ambao sijawahi kumwonyesha mtu, kwa sababu kila mara wananiambia hauna adui ndani yake, kwa hiyo hauna faida."

"Unahusu nini?"

"Nimefuatilia unyevu wa anga yote, wa kwenu na wa kwetu, miaka thelathini nyuma. Unapungua, Adventina. Ulianza kupungua kabla hatujaweka mnara hata mmoja. Tunaweza kuizima minara yote leo na mahindi yenu yasiote. Tunaweza kuiacha yote na bwawa letu likauke vile vile." Aliinua uso. "Wewe umewahi kuusuka? Mkondo ambao hakuna wingu la kuibiana?"

Kokugonza alitaka kusema ndiyo. Alipekua kichwani mikondo yote ya maisha yake ya kazi, mamia kwa mamia, vita na mapatano, njaa na usaliti. Katika kila mmoja kulikuwa na Masaro aliyefanya jambo au Lwembe aliyefanya jambo. Hakuuona hata mmoja ambamo mbingu yenyewe ilikuwa tupu.

"Hapana," alisema.

Nje mtu alipiga kengele ya shule kwa mzaha, na watoto wawili wakapita mbio dirishani wakicheka. Kokugonza alikunja mikono ya blauzi, akachukua kipande cha chaki, akafuta desimali zote ubaoni.

"Basi tuanze na huo," alisema. "Nipe namba zako, na usinipunguzie."